Waliongoja Kusukumwa

Tarehe 14 Machi

Dada Fundi,

Nakusalimu sana. Huenda umeshanisahau, maana safari hukutanisha watu na kuwatawanya, lakini mimi ndiye yule dereva mstaafu uliyekaa naye kutwa nzima katika uwanja ule wa kubadilishia ndege, viti vyetu vya magurudumu vimeegeshwa pamoja dirishani. Anwani hii uliniandikia mwenyewe nyuma ya karatasi ya biskuti. Ningepiga simu, lakini masikio yangu yaliliwa na injini za malori. Mtu akinipigia nasikia nyuki tu. Kwa hiyo nivumilie na mwandiko huu.

Kwanza kabisa, binti hajambo? Nijibu hilo kabla ya lolote. Mara ya mwisho nilipokuona, yule msimamizi mwenye redio ya mkononi alikuwa anakusukuma mbio, nawe unalia bila sauti, hata kuagana vizuri hatukuagana. Uliniambia upasuaji wa moyo ni jioni ile ile, na kwamba binti amewaambia madaktari hataki kuingizwa mle ndani kabla hajakutia machoni. Ndege yako nikaiona ikiondoka kwa macho yangu. Je, walikupa nyingine? Uliwahi? Tangu nifike hapa kwa mwanangu, chakula nakitafuna lakini hakishuki.

Mkwe wangu ananicheka. Anasema, "Baba, mtu wa kukutana naye uwanjani tu, unamuwaza hivyo?" Nikamwambia kuna watu unaishi nao miaka usiwajue, na kuna mtu unakaa naye kutwa moja ukamjua hadi jino linalomuuma. Wewe ni la juu, upande wa kushoto. Unaona?

Nikiwa peke yangu naikumbuka siku ile. Yule bwana aliyevua viatu akalala mbele yetu na soksi zilizotoboka vidole, ukasema ungekuwa na sindano ungemshonea pale pale bila kumwamsha. Yule mama aliyekuja mbio akakutupia mtoto mapajani akakimbilia chooni, kisha akarudi na biskuti za asante. Nikakuuliza kwa nini amekuchagua wewe katika umati wote ule. Ukasema, "Ameona hawa wawili hawana miguu ya kukimbia na mwanawe." Nilicheka mpaka watu wakageuka. Na yule mfagiaji aliyetuashiria tuinue miguu apitishe tambara lake, sisi tukamtazama tu, mpaka akaviona viti, akaona haya, akapiga deki kutuzunguka kama anazunguka meza.

Nilikuambia subira yavuta heri, nawe ukanikubalia. Naomba iwe imevuta.

Miguu yangu ni ile ile, sina jipya la kusema juu yake.

Kaka yako wa safari,
Dereva

*

Tarehe 29 Machi

Kaka Dereva,

Nimeipokea barua yako na nimefurahi kwamba ulifika. Sijakusahau. Mtu aliyenigawia nusu ya chungwa lake siku kama ile nitamsahau vipi?

Ulitaka nijibu moja kabla ya yote, basi nakujibu. Niliwahi. Walinipandisha ndege nyingine, na kumbe hospitali nao walikuwa wamechelewa, mgonjwa wa dharura alimtangulia. Nilimkuta bado yuko wodini. Nikamshika mkono, nikamfunga kilemba changu kichwani kwa sababu alikuwa anahisi baridi, akaingia akiwa anatabasamu. Sasa yuko nyumbani. Anatembea kutoka kitandani hadi jikoni na kurudi, na ananigombeza kwamba natia chumvi nyingi. Ukimwona utadhani ndiye mama na mimi ndiye mtoto.

Kwa hiyo kula, kaka yangu, chakula kishuke. Na usijisumbue kwa lolote kuhusu siku ile. Wewe na miguu yako, mimi na yangu, tungefanya nini? Mtu hulaumiwa kwa kile alichoweza kufanya akakiacha.

Jino bado linauma. Msalimie mkwe wako, mwambie ana bahati ya kuwa na mzee anayecheka.

Dada yako,
Fundi Cherehani

*

Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Najua unashangaa kwa nini ninaongea na wewe kwenye simu kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Nyumba hii ni ndogo na kuta zake zinasikia. Mume wa marehemu amelala upande wa pili wa pazia. Nikianza kukuambia yaliyo moyoni atasikia, naye yake yanamtosha. Ndiyo maana naandika.

Unajua kwamba nilichelewa. Unajua kwamba mwanetu aliingizwa chumba cha upasuaji jioni ile bila mimi, na alfajiri akafa, na mimi nikafika mchana na mfuko wangu wa nguo nikakuta ameshafunikwa shuka. Watu wote kule nyumbani wameambiwa ndege iliniacha. Sivyo. Mimi ndiye niliyeiacha, nikiwa nimeketi mbele yake.

Kijana wangu mkubwa ndiye aliyeniombea kile kiti cha magurudumu, na najua hukuambiwa. Alikuwa na nia njema. Aliogopa nitapotea kwenye kubadilisha ndege, sijui lugha yao, sijui kusoma zile mbao zao za taa. Mtu fulani kazini kwake alimwambia, "Mwombee mama kiti. Atasukumwa mlango hadi mlango, wewe ulale usingizi." Akaandika kwamba mama yake hawezi kutembea. Mimi, mdogo wangu! Mimi niliyekanyaga cherehani miaka thelathini! Na siku ya kuondoka akaniinamia sikioni akasema, "Mama, tafadhali, usije ukasimama. Wakikuona unatembea watasema wewe ni mwongo, watakushusha." Nikamwambia sawa.

Basi nilipofika uwanja ule wa katikati, mwanamke mnene mwenye kamba nyekundu shingoni alinisukuma hadi dirishani, akanifunga mkanda, akaniwekea kiganja usoni: kaa hapo. Pembeni yangu kulikuwa na mzee wa watu kwenye kiti kama changu, dereva mstaafu. Nilipomsikia anaguna "Ee Mungu wangu" nikaruka moyoni kwa furaha. Mtu wa lugha yangu! Tukazungumza kutwa. Ana maneno matamu yule mzee, na ni kiwete kabisa, miguu imelala kwenye kile kibao cha chini haitikisiki. Nilimwonea huruma sana.

Mlango wa ndege yangu ulikuwa pale pale tulipokaa. Nauona. Umbali kama wa kutoka dukani kwangu hadi kwa muuza mkaa. Watu wakapanga mstari, wakaanza kuingia. Yule mwenye kamba nyekundu hakuonekana, nadhani zamu yake iliisha na hakumwambia mtu kwamba ametuacha. Nikasema pengine wenye viti huingizwa mwisho. Mstari ukafupika. Nikamwambia yule mzee, "Kaka, ningekuwa na miguu ningekwenda kuwauliza." Akanitazama, akameza mate, akasema, "Dada, ningekuwa na yangu ningekwenda kukuulizia." Kisha akasema wataturudia tu, watu wa viti hawasahauliki, subira yavuta heri.

Nikaushika mkanda wangu kuufungua. Naapa niliushika. Lakini nikawaza, nitasimamaje mbele ya mtu huyu? Tangu asubuhi tumeketi tunahurumiana, amenigawia chungwa, ameniambia jinsi ilivyo shida kuwa mtu wa kusukumwa, nami nimeitikia, nimesema ndiyo kaka, ni shida. Halafu niinuke nitembee kama kuku? Niliona aibu. Nikasema ngoja kidogo. Na yule mama aliyekuwa mlangoni akaufunga.

Hiyo ndiyo habari. Nilimwonea haya mtu nisiyemjua, mwanangu akafa bila mimi.

Sasa yule mzee ameniandikia, anauliza kama niliwahi. Nimemjibu niliwahi na binti anatembea. Utaniona mwendawazimu. Lakini nitamwambiaje kiwete wa watu kwamba mtu alikufa kwa sababu sisi wawili tulikaa? Atasema ningekuwa na miguu ningemsaidia, ataibeba. Angalau yeye hana kosa.

Ichome barua hii ukishaisoma. Kijana wangu asiione.

Dada yako

*

Tarehe 12 Aprili

Dada,

Shikamoo. Umeniliza, halafu umenikasirisha, halafu umeniliza tena.

Kijana wako anajua. Sikumwambia mimi. Alijumlisha mwenyewe siku mume wa marehemu alipomweleza kwamba watu wa uwanja walimpigia simu kusema ulikutwa umekaa umefungwa mkanda. Tangu siku hiyo haongei. Anakuja kwangu jioni, anakaa kwenye kile kigoda cha jikoni, nikimpa chai inapoa mikononi. Juzi alisema neno moja tu: "Shangazi zangu wote wanasema nilimpeleka mama vizuri." Akaondoka.

Sasa nisikie, ingawa wewe ni mkubwa wangu. Kuhusu aibu uliyoiona sikulaumu, kwa sababu na mimi ningeiona. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akija tunajifanya tumeshiba. Heri tufe kwa njaa mbele ya sahani kuliko mtu ajue hatujala. Lakini huyo mzee wako wa safari mwache. Usimwandikie tena. Njia ya mwongo ni fupi, dada, na wewe umeanza kumjengea mtu nyumba nzima humo. Leo binti anatembea hadi jikoni, kesho atataka kujua kama anakwenda sokoni, keshokutwa utamwozesha mara ya pili. Wewe unamlinda nani hasa? Yeye au wewe mwenyewe?

Samahani. Nimesema vibaya, lakini sifuti.

Rudi nyumbani. Tiketi ya mwezi wa sita ni mbali. Nimeufungua ule mlango wa duka lako, nimefuta vumbi kwenye cherehani. Kuna sare za shule za watu zinakungoja, wenyewe wamekuja mara ngapi nawaambia mwenye kazi ana msiba.

Barua nimeichoma kama ulivyosema.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Aprili

Dada Fundi,

Asante kwa barua yako. Siku ilipofika nilikula sahani mbili, mkwe wangu akadhani naumwa. Niliisoma mbele ya watu wote mezani, pale pa kilemba niliwasomea mara mbili.

Lakini usiku ukija naitoa tena, naisoma polepole. Niwie radhi, dada, wewe unajua mimi ni mtu wa barabarani. Barabara ikiwa nyororo mno dereva huanza kusikiliza matairi. Barua yako ni nyororo sana. Ulikuwa umekata tamaa siku ile, mimi nilikuona. Ukaniambia hospitali ile haingoji mtu. Halafu ikakungoja.

Sisemi unanidanganya. Nasema mimi nimekuwa mzee na sina usingizi. Nina shida na siku ile ambayo siwezi kuiandika hapa, wala hakuna aliye humu nyumbani ninayeweza kumwambia. Nakuomba kitu kimoja. Huyo binti, kama mkono wake umepata nguvu, aniandikie mwenyewe. Mstari mmoja unatosha. Aseme tu, "Mama yangu alinikuta." Nikiusoma mstari huo nitalala.

Na wewe nenda kwa daktari wa meno. Ukikawia litakuua kabla ya siku zako.

Kaka yako,
Dereva

*

Tarehe 4 Mei

Mjomba Dereva,

Shikamoo. Mama ameniambia unataka mstari mmoja wa mkono wangu. Nitakupa zaidi ya huo, ingawa utaona herufi zinayumba. Ni dawa tu.

Mama yangu alinikuta. Nilikuwa nimelala ubavu, naangalia mlango. Kila aliyeingia hakuwa yeye. Muuguzi akaniambia tusingoje tena, nikamwambia dakika moja. Akanipa. Ndipo mama akaingia, mfuko wake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, nguo zimekunjamana, ananukia ndege. Nikamwambia, "Mama, umechelewa." Akasema, "Nimefika, mwanangu." Akanishika miguu kwanza, sijui kwa nini miguu, akaisugua kwa sababu ilikuwa ya baridi. Kisha akanifunga kilemba. Nikamuuliza umekula? Akasema nimekula chungwa. Tukacheka.

Hayo ndiyo niliyotaka, mjomba. Sikutaka mengine. Mtu akishamwona mama yake anaweza kuingia popote.

Usimsumbue mama kwa maswali. Hakuna mtu aliyekosea siku ile.

Ulale salama.

Mimi,
Binti wa Fundi

*

Tarehe 27 Mei

Mama Fundi,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni mke wa mwanawe yule mzee dereva, nakuandikia badala yake kwa sababu amelazwa na mkono wake haushiki kalamu vizuri bado. Usishtuke, yuko hai.

Barua ya binti yako ilifika siku ya Jumanne. Mama, sijui nikuelezeje. Baba aliisoma amesimama mlangoni, akakaa chini kwenye ngazi, akalia kama mtoto. Nilidhani ni msiba. Akaniambia, "Ameandika hakuna aliyekosea." Halafu akapata furaha ambayo hatujaiona tangu aje. Hata kofia hakuvaa, akatoka kwenda posta kununua stempu amjibu siku hiyo hiyo. Huwa hapandi basi. Anasema mtu aliyekaa kwenye usukani maisha yake yote inampasa amalizie kwa kutembea. Kila asubuhi anazunguka soko lote, anapanda kilima cha kanisani, anarudi kabla mimi sijaamsha watoto. Posta kwake ni kama uani. Siku hiyo nadhani hakuangalia barabara. Pikipiki ilimpiga kwenye makutano.

Nyonga imevunjika, na mfupa wa paja. Madaktari wamesema kwa umri wake hatatembea tena. Tumemletea kiti cha magurudumu, sasa hiki ndicho cha kweli. Mume wangu hajiwezi kwa kulia. Ni sisi wawili tuliomwombea kile kiti cha uwanja wa ndege mwezi wa tatu, ili asipotee tu, maana hasikii wakitangaza. Alikuwa mzima wa kupanda ngazi mbili mbili. Tukimtania, "Baba, kiwete wa siku moja," alikuwa anatoka nje bila kujibu. Sasa mume wangu anasema tulimchuria. Nimemwambia aache maneno hayo, Mungu hafanyi kazi hivyo.

Ile barua ameiweka chini ya mto. Muuguzi akibadilisha shuka lazima airudishe pale pale. Nakuomba, mama, ikiwezekana binti amwandikie tena, hata maneno mawili. Ndicho kitu pekee kinachomfanya akubali kula.

Wako mtiifu,
Mkwe wa Mzee Dereva

*

Tarehe 9 Juni

Kaka Dereva,

Pole kwa ajali. Pole kwa maumivu, inatoka moyoni.

Mkwe wako ameomba binti akuandikie tena. Hawezi. Alizikwa Alhamisi ya wiki ile ile tuliyokutana. Siku uliyoshika kalamu kuniandikia barua ya kwanza, udongo wake ulikuwa umeshaanza kukauka.

Sikuwahi. Hakukuwa na mgonjwa wa dharura, hakuna kilemba, hakuna muuguzi aliyetoa dakika. Ile barua iliyo chini ya mto wako niliiandika mimi, kwa mkono wa kushoto, nimekaa kwenye kitanda chake. Ulitaka mstari mmoja. Nilipoanza sikuweza kusimama, ikawa ukurasa. Na nitakuambia ukweli ambao hata mdogo wangu sijamwambia: ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizokaa katika nyumba hii. Nilimwona akiniuliza kama nimekula.

Nimekaa na barua ya mkwe wako siku nyingi kabla ya kukujibu. Naijua kwa moyo. Ngazi mbili mbili. Kilima cha kanisani kila asubuhi. Siku ya kwanza nilikuchukia, kaka, na sitakuficha. Niliingia chooni, nikafungua bomba ili mume wa marehemu asinisikie, nikakutukana kwa jina la mama yako, niwie radhi kwake. Niliona kile kibao cha chini na viatu vyako juu yake, vimetulia, nikasema alikuwa na miguu! Aliniambia ningekuwa na yangu ningekwenda kukuulizia, na alikuwa nayo! Mtu huyu alimeza mate mbele ya mlango wa mwanangu akabaki ameketi. Nilitaka ufe. Unaona, nakuambia yote.

Kisha nikacheka, kicheko kibaya. Kwa sababu na mimi, kaka Dereva, ni mzima. Sijawahi kuumwa hata kifundo. Mwanangu aliniombea kiti nisipotee, kama wako walivyokuombea. Nilikaa pale namwonea haya kiwete, na huyo kiwete alikuwa amekaa ananionea haya mimi. Yule mfagiaji alipotuambia tuinue miguu, nilishikilia magoti yangu kwa mikono miwili yasije yakamtii. Nadhani na wewe ulishikilia yako. Tulikuwa na miguu minne kati yetu, tukaacha yote chini.

Sasa najua ni shida gani uliyokuwa nayo na siku ile hata usingizi ukakukataa, na kwa nini ulitoka nje wakikutania. Ulijua umeketi. Hukujua kwamba na mimi nimeketi. Ulidhani kosa ni lako lote, na mimi nilidhani ni langu lote, na kila mmoja akamwonea mwenzake huruma na kumdanganya ili asiumie. Kama mmoja wetu angekuwa na roho mbaya kidogo, mtu asiyejali atafikiriwa nini, binti yangu angemwona mama yake.

Mkwe wako atasema nimekuwa katili kukuandikia haya ukiwa hospitali. Nimelifikiria. Mdogo wangu aliniuliza nani ninayemlinda. Ningeweza kuendelea kuwa binti, nikakuandikia kila mwezi, wewe ukala, mimi nikajiliwaza, mpaka mmoja wetu afe. Lakini kila nikishika kalamu kwa mkono wa kushoto namzika upya. Na wewe umevunjika nyonga ukikimbilia kumjibu mtu asiyekuwepo. Hilo nalo ni langu. Siwezi kukuomba unisamehe, wala wewe usiniombe. Hatuna cha kupeana.

Narudi nyumbani Jumamosi. Kijana wangu haongei na mtu, inabidi nikae naye. Sijui nitamwambia nini. Nitaanza na cherehani, labda sauti yake itatusaidia.

Unaweza kuichana barua ya binti, au uiache pale pale chini ya mto. Sitakuuliza. Ukitaka kuniandikia, niandikie, kwa sababu nimegundua sina mtu mwingine wa kuzungumza naye juu ya siku hiyo. Ilikuwa siku ya mwisho ya mwanangu duniani, na niliimaliza na wewe.

Jana mume wake alinivutia kiti mezani, akaniambia jambo alilokuwa amenificha miezi yote hii. Anasema mchana ule mwanangu hakuwa na hofu ya kisu. Alikuwa anamuuliza kila aliyeingia, daktari, muuguzi, hata aliyeleta maji: "Mama ameshatua?" Nikamuuliza ilikuwa saa ngapi. Akanitajia. Nikaenda kitandani nikajifunika, nikaihesabu saa hiyo kwa mlio wa ndege na jua la dirishani kule uwanjani, nikajua tulikuwa wapi. Ilikuwa ile saa watu waligeuka kututazama, kaka, kwa jinsi tulivyokuwa tunacheka.

Mimi,
mama yake